Jogoo Kamanda na Shati Lisilofuliwa

Nyumbani kwangu sabuni ya mche hainunuliwi. Mume wangu amezoea, wanangu wanadhani inanidhuru ngozi, nami nimewaacha wadhani hivyo hivyo maana ukweli wenyewe ni mrefu na unaniaibisha. Nikiinusa tu ile sabuni, ile wanayokukatia kipande dukani kwa waya, narudi moja kwa moja uani kwa bibi yangu. Nina miaka kumi, nimepiga magoti mbele ya beseni, povu limenifika viwikoni, nalipiza kisasi.

Wenzangu mliokulia vijijini huku kwetu mmeshajua kisasi nilikitoa wapi. Si nyumbani. Bibi yangu, mama yake mama, hakuwa mtu wa visasi hata kidogo. Ukimkosea anakutukana papo hapo kwa Kisukuma, anapanda na ukoo wako mpaka kizazi cha tatu, akimaliza anakuuliza kama umekula. Mama naye alikuwa mtu wa kununa tu, siku mbili imekwisha. Kisasi nilikitoa kwenye kibanda cha video.

Kibanda kilikuwa cha Kaka Limbu, ng'ambo ya barabara ya kwenda Kharumwa. Kuta za magunia, jenereta linakohoa nje, televisheni moja juu ya meza, sisi watoto chini kwenye vumbi. Kiingilio cha mtoto kilikuwa yai moja. Kaka Limbu alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake, anatafsiri. Nasema anatafsiri, lakini leo najua yule kijana hakuelewa hata neno moja la Kichina. Alikuwa anatunga! Basi mashujaa wakawa wanatoka Kahama, maadui wamekimbilia Maganzo, na mwalimu mzee mwenye ndevu anaishi kwenye milima iliyo nyuma ya Geita. Nami niliamini yote. Niliamini kwamba nyuma ya Geita kuna watu wanaoruka juu ya mapaa, na kwamba mtu akimuua umpendaye, kulipiza ni kazi yako kama kuchota maji na kufagia uwanja.

Taabu moja tu: sikuwahi kuona mwisho. Filamu zilianza baada ya chakula cha mchana, na mbuzi wa bibi walirudi jua likiwa bado na nguvu. Kulikuwa na filamu moja niliyoipenda kupita zote. Mtu mnene mwenye jino la dhahabu anamuua mwalimu. Kijana anamfunga mwalimu wake kwenye kitambaa chekundu, anamzika, anamwagia pombe juu ya kaburi, anachora mistari mitatu ardhini kwa kisigino, anaapa. Halafu anakwenda kufanya mazoezi. Anapokuwa amening'inia kichwa chini kwenye mti, anapiga mtungi kwa ngumi, ndipo sauti ya bibi inavuka barabara: "Kabula! Mbuzi!" Naondoka. Nimelipa mayai matatu kwa filamu hiyo, na mara zote tatu nilimwacha yule kijana ananing'inia. Mwanzo wa kisasi niliujua kuliko mtoto yeyote kijijini. Baada ya hapo ilikuwa giza tupu.

Yai la nne sikulipeleka. Siku ile bibi alinipa yai la kiingilio, nikaliona lina joto, nikalihurumia, nikalisukuma chini ya kuku aliyekuwa anaatamia. Nikabaki nyumbani. Bibi alipojua alicheka mpaka akashika mgongo, akasema, "Haya, mke mwenzangu, kikitoka kifaranga ni chako." Ndivyo alivyoniita, mke mwenza, kwa sababu babu alikuwa akinitania kwamba nikikua atanioa. Kifaranga kikatoka. Kikawa jogoo mwekundu mwenye mkia wa kijani unaong'aa, mwenye maringo, anayetembea kama mwenyekiti wa kitongoji akienda mkutanoni. Nikamwita Kamanda. Nikiita jina lake alikuja. Nikitoka shuleni alinipokea njiani kwenye ua wa minyaa, anipekue mifuko kutafuta punje. Jamani, yule jogoo nilimpenda.

Sasa Mjomba Luhende. Huyu alikuwa mdogo wake mama, kitinda mimba wa bibi, na bibi alikuwa haoni wala hasikii kwa huyo mtoto. Alikuwa mchimbaji mdogo huko machimboni, upande wa Geita. Alikuja kututembelea labda mara mbili kwa mwaka, bila taarifa, ana vumbi mpaka kwenye kope, na kila alipokuja alisema duara lao, yaani lile shimo lao, liko karibu kutema dhahabu. Lilikuwa karibu kutema tangu nikiwa sijaanza shule.

Ijumaa moja nilitoka shuleni, nikafika kwenye minyaa, hakuna aliyenipokea. Nikaita, "Kamanda!" Kimya. Nikaingia uani. Nikaona manyoya mekundu jalalani na mkia wa kijani juu yake. Jikoni kunanukia kitunguu. Chini ya kihenge, ghala letu la nafaka, amekaa Mjomba Luhende, anacheka, ana mfupa mkononi.

"Shikamoo Mjomba," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba mpwa wangu! Umekua! Mama, huyu jogoo wa leo alikuwa na nyama!"

Na firigisi alikula yeye. Niliona kwa macho yangu.

Bibi hata hakunitazama vizuri. Alikuwa anamwongezea mwanawe mchuzi. Mimi nilipewa fungu la watoto, shingo na miguu, kwenye bakuli la bati, nikaambiwa nikae jikoni. Sitawadanganya: mchuzi niliunywa. Nilikuwa nimetembea kutoka shuleni kwa jua lile, na ulikuwa mtamu, na nililia ndani yake mpaka ukazidi chumvi. Lakini ile miguu sikuila. Ilikuwa miguu ninayoijua.

Nikiwa pale jikoni nalamba bakuli, nikamsikia Mjomba anawasimulia bibi na mama habari za shati lake. Mama alikuwa amemwambia avue alifue, maana, kusema kweli, harufu ilikuwa imekaa nao chini ya kihenge kama mgeni wa pili. Mjomba akaruka. "Thubutu! Dada, usiliguse!" Akaeleza kwamba mganga wa kule machimboni aliwapa masharti, kila mchimbaji sharti lake. Mmoja alikatazwa kunyoa, mwingine asile samaki. Yeye aliambiwa shati atakaloshukia shimoni siku ya kwanza baada ya masharti hayo lisiguse maji mpaka duara liteme. Ulikuwa mwezi wa saba tangu hapo. Lilikuwa limegeuka gamba. Rangi yake ilikuwa haijulikani tena. Bibi alisema lilikuwa la bluu, mama akasema la kijani, na Mjomba mwenyewe hakukumbuka.

"Bahati yote iko humu," akasema, akijipiga kifuani, na vumbi likapaa. "Likilowa tu, nimekwisha."

Mimi jikoni nikaacha kulamba bakuli.

Kwanza nikafanya mazishi. Nilikwenda jalalani nikaokota kichwa cha Kamanda, manyoya, na mkia. Nikaongeza ile miguu yake miwili. Nikachana kipande cha sketi yangu nyekundu iliyokwisha, nikavifunga vizuri mafundo mawili, nikaenda kuvizika shambani kwa bibi, mwisho kabisa wa tuta la kwanza la viazi, nikachimba mpaka mkono ukazama kwapani. Nikachora mistari mitatu kwa kisigino. Nikaapa kwa sauti ndogo maneno yote ya Kaka Limbu, niliyajua kwa moyo. Kilichobaki ni kumwaga kitu juu ya kaburi. Pombe sikuwa nayo.

Mjomba alikuwa ameshiba jogoo wangu, na joto lilikuwa kali, akalivua shati akalitundika kwenye nguzo ya kihenge, akalala chini kwenye ngozi ya ng'ombe, tumbo wazi, anakoroma. Mama amekwenda kisimani, bibi yuko ndani. Nikalichukua. Lilikuwa zito na lilisimama lenyewe. Nikachukua beseni, nikachukua sabuni ya mche ya bibi, kipande kizima, nikafua. Wenzangu, sijawahi kufua vile tena maishani. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili yakatoka mekundu kama udongo wa kichuguu. Ya tatu yakatoka kahawia. Kila beseni nilikwenda kulimwaga kwenye lile tuta, kuanzia huku mwanzo mpaka kaburini, nasema, "Kamanda, pokea." Nikalianika kwenye minyaa.

Lilikuwa jeupe! Jeupe lenye maua madogo ya waridi, na vifungo vyake viko upande wa kushoto. Ilikuwa blauzi ya mwanamke. Mjomba wangu, mchimbaji, mtu wa kunguruma, alikuwa ameshuka shimoni miezi saba na blauzi ya mitumba.

Alipoamka alilitazama lile shati kwenye minyaa, akatazama pembeni, akalitazama tena. Halafu akapiga ukelele hata mbuzi wakaanza kurudi wenyewe. Bibi akatoka mbio. Mama akatupa ndoo. Jirani yetu Mama Milembe, ambaye masikio yake hayakuhitaji kuitwa, akachungulia juu ya ua.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Mjomba," nikasema, nimefunga mikono nyuma. "Nimeona nguo yako ina uchafu, nikasema nikufulie."

Hapo ndipo nilipojua ladha ya kisasi. Angenifanya nini? Atampiga mtoto kwa kosa la kufua? Mama Milembe kule juu ya ua akasema kwa sauti, "Jamani, mtoto ana adabu huyu! Wangu hata vyombo hataki kuosha!" Mama akanishika kichwa. Mjomba machozi yakamlengalenga. Bibi peke yake ndiye aliyenitazama muda mrefu, jicho moja amelifinya. Kama ningekuwa na akili, kisasi kingeishia hapo, kizuri, kimenyooka. Lakini mimi nitajuaje kinaishia wapi?

Mjomba akakaa chini. Akashika kichwa. Kisha akanyanyua uso, nikaona wazo linaingia.

"Maji," akasema. "Maji ya shati umeyamwaga wapi?"

Miezi saba ya vumbi la mawe ya dhahabu, ndicho alichokuwa anawaza. Miezi saba ya bahati. Nikanyoosha kidole kwenye tuta, lakini mwanzo wake, huku karibu, kwa kuwa kule mwisho sikutaka amsumbue Kamanda. Mjomba akachukua karai na jembe. Akachota udongo uliolowa, akauosha pale pale uani, anazungusha karai, anamwaga, anazungusha, sisi tumemzunguka tunatazama. Na kweli, mwisho kabisa, pembeni ya karai, kitu kikametameta. Kidogo kama jicho la sisimizi.

"Mama yangu weee!" Mjomba akapiga kelele.

Kichwa cha Mama Milembe kikatoweka juu ya ua.

Ninyi wa kwetu mnajua kilichofuata. Wengine niwaambie: huku kwetu, mtu akisema tu kwamba mahali fulani kumeonekana kitu kinang'aa, asubuhi yake pana watu. Hawaulizi. Jumamosi tulipoamka, uwanja umejaa sululu na machepe. Walikuwepo vijana wa bodaboda, waimbaji wawili wa kwaya, mwalimu wangu wa hesabu, Kaka Limbu wa video, na mwenyekiti wa kitongoji amekunja suruali magotini. Mama Milembe alikuwa anauza uji. Mjomba alikuwa ndani ya shimo, mbele ya wote, amevaa blauzi yake ya maua, anasema yeye ndiye mwenye mgodi.

Na chini ya yale machepe yalikuwa matuta ya bibi. Viazi vile bibi alivilima peke yake mvua zote, amejipinda. Ndivyo vilikuwa vikatwe vipande na kuanikwa juani viwe michembe, na michembe ndiyo tungekula miezi yote ya njaa mpaka mavuno mengine. Viazi vilikuwa vinaruka juu na udongo, vimekatwa, vinakanyagwa. Bibi alikuwa anakimbia tuta hadi tuta. "Wanangu, huu ni ugali wangu! Luhende, waambie!" Luhende hakusikia, yumo shimoni. Mwishowe bibi alikwenda kuleta kigoda chake, akakiweka juu ya tuta la tano ambalo lilikuwa halijaguswa, akakaa. Hakutukana mtu. Bibi yangu kukaa bila kutukana! Ndipo nilipoogopa.

Nikamvuta Mjomba mguu. "Mjomba, waambie waache. Hakuna dhahabu. Ni uchafu wa shati lako."

"Nenda ukacheze, mpwa wangu."

Nikamwambia mwenyekiti. Mwenyekiti akacheka, akawaambia wenzake, "Mmeona? Wamemfundisha mtoto atufukuze, wabaki nayo wenyewe." Wakachimba kwa nguvu zaidi.

Jua lilipofika utosini, wakawa wamefika mwisho wa tuta la kwanza. Nilikuwa naona chepe linakwenda kaburini kwa Kamanda. Kijana mmoja wa bodaboda akainama, akavuta kitu, akakiinua juu. Kitambaa chekundu. Mafundo mawili. Fundo likafunguka, kikaanguka kichwa cha jogoo, na miguu miwili, na manyoya.

Wakaacha kuchimba. Kisha mtu mmoja akasema, "Kafara."

Weee! Sijaona watu wanakimbia vile. Waliruka ua wa minyaa kama mbuzi. Mwalimu wa hesabu alipoteza kiatu. Mwenyekiti alipita juu ya sufuria la uji la Mama Milembe. Nusu dakika shamba likawa tupu, machepe yamesimama udongoni peke yake. Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, nikadhani Kamanda ameshinda vita.

Lakini hawakwenda mbali. Walisimama nje ya ua, na kelele zikaisha, zikawa minong'ono. Nikaona nyuso zao hazitazami tena lile fungu jekundu. Zilikuwa zinamtazama bibi. Bibi alikuwa juu ya kigoda chake, na macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyokuwa siku zote, kwa sababu amepika kwa kuni maisha yake yote. Mtu akasema, "Yale macho." Mwingine akasema, "Ndiyo maana alikuwa hataki tuchimbe." Mama Milembe, aliyekula kwetu juzi, alirudi hatua nyuma.

Mnajua huku kwetu maneno hayo, maneno ya uchawi, yanaweza kumfikisha wapi mama mzee. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua yote, lakini nilimwona mama anakwenda kusimama mbele ya bibi. Na Mjomba, mwanawe wa mwisho, aliyechinjiwa, alitoka shimoni taratibu, akasimama mbali kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, hii ni nini?"

Bibi akamtazama. Mpaka leo sijasahau uso ule.

"Ni yangu!" nikapiga kelele. "Ni Kamanda! Nimemzika mimi!" Nikakimbia mpaka katikati ya mashimo. Nikasema yote, nalia, kamasi zinanitoka: kwamba ni jogoo wangu, kwamba Mjomba amekula firigisi yake, kwamba kitambaa ni sketi yangu, kwamba nilijua habari za sharti la mganga na nilifua makusudi. Wakanitazama tu. Mmoja akasema mtoto anamficha bibi yake. Nikaona hawaamini, nikakosa la kufanya, basi nikafanya lile ninalolijua. Nikachora mistari mitatu kwa kisigino. Nikapiga ngumi kifuani, nikanguruma kwa sauti nene:

"Ewe mwenye jino la dhahabu! Umekula, umeshiba, umelala! Lakini mimi wa Kahama silali! Jua litue, jua lichomoze, nitakufuata mpaka..."

Nikasahau. Kwa kilio nilisahau.

"...mpaka Maganzo na mbele ya Maganzo!" sauti ikamalizia nje ya ua, ile ile ya kwenye kipaza sauti. Alikuwa Kaka Limbu. "Jamani, huyu anacheza filamu yangu! Kitambaa chekundu, mistari mitatu, ndiyo yenyewe! Si mmeiona wote?"

Walikuwa wameiona wote. Kijana wa bodaboda akaanza kucheka, ikamshika mwenzake, ikashika kwaya, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini barabarani. Mtu akamwiga Mjomba alivyolia kwa ajili ya shati. Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, ameng'ang'ania bega la bibi. Mwenyekiti akakunjua suruali yake, akatangaza kwamba mkutano umefungwa, kana kwamba aliuitisha yeye. Wakaja mmoja mmoja kuchukua machepe yao, wanamsalimia bibi, "Mwadila, mayo," bila kumtazama machoni.

Bibi hakucheka. Aliniita, nikaenda nikijua napigwa, na nilitaka nipigwe.

"Jogoo nilimchinja mimi," akasema. "Kwa mkono wangu. Mbona mimi hukunifulia nguo zangu?"

Nikafikiri. Nikasema ukweli. "Wewe ndiye unagawa mboga, bibi."

Akanitazama. Midomo ikamcheza. Ndipo akacheka, akashika mgongo, akacheka mpaka kigoda kikaanguka. Kisha akageuka kwa Mjomba, akamtukana kwa Kisukuma muda mrefu sana, bila kupumzika, na Mjomba alipokea yote ameinamisha kichwa, maua ya waridi kifuani. Alipomaliza akamuuliza kama amekula.

Siku tano mimi na Mjomba tulifukia mashimo. Tulipandisha matuta upya, tukaokota viazi vilivyokatwa tukavianika hivyo hivyo, na mwaka ule tulikula michembe yenye mchanga. Siku ya tatu aliniambia, akiwa amenipa mgongo, "Sikutakiwa kumuuliza vile mama." Nikampa maji. Na Kaka Limbu alinialika nije nione mwisho wa filamu, bure, bibi akaruhusu. Nikaona. Kijana alimpiga yule mnene, jino likatoka, akasimama juu ya kilima, maandishi yakapanda. Nilingoja. Nilidhani watarudi kuonyesha nani anafukia mashimo.

Duara la akina Mjomba halikutema kitu ila maji, wakaliacha. Sasa ni mzee, anauza mitumba sokoni Geita, mashati ya kiume na ya kike, na anayatenganisha kwa uangalifu mkubwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, nimevaa gauni langu jeupe la kitambaa kizuri, la kushonwa. Akafurahi, akaita watu jikoni. Chakula kikaja. Kwenye sahani yangu, juu kabisa, akaniwekea firigisi kwa mkono wake. "Hii ni yako," akasema. "Deni lako nimelikalia miaka mingi." Nikacheka, nikaishika.

Ndipo nikasikia harufu. Nikageuka. Mlangoni kwa jikoni alikuwa amesimama mjukuu wake, binti wa miaka tisa au kumi, amevaa sare ya shule, macho yamemvimba. Mkono mmoja ameuficha nyuma. Mwingine ulikuwa na kipande kizima cha sabuni ya mche.

"Shikamoo shangazi," akasema, mpole kabisa. "Gauni lako lina vumbi la safari. Ulivue nikufulie?"

Mjomba akasema, "Mmeona mtoto mwenye adabu?"

Nikairudisha firigisi kwenye sahani. Nikanyanyuka, nikaenda nikachuchumaa mbele ya yule mtoto, na kutoka nyuma ya mgongo wake nikaona ncha ya unyoya mweupe. Nikamuuliza kitu ambacho mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Daktari," akasema, na sabuni ikamwanguka.